Kushika Lori Ukubwani

Tangazo la kazi ya udereva wa lori kwa kawaida huwa fupi: leseni daraja E, cheti cha mafunzo kutoka chuo kinachotambulika, uzoefu usiopungua miaka mitatu au mitano, wadhamini wawili, awe tayari kusafiri nje ya nchi. Mtu wa miaka arobaini na mitano aliyefunga duka lake, au aliyepunguzwa kazini, akilisoma anaona karibu yote hayo yapo ndani ya uwezo wake. Leseni inatafutwa. Cheti kinasomewa. Wadhamini ndiyo kabisa, maana mtu mzima anafahamika na watu wengi kuliko kijana. Kinachomkwamisha ni uzoefu, ambao kila tajiri anautaka na hakuna aliye tayari kuutoa.

Wanaopiga hodi kwenye kazi hii wakiwa watu wazima wameongezeka, na bado mjadala wao unaishia kijiweni. Mmoja anasema malori yana hela, mwingine anasema yanaua, na mwenye swali anaondoka kama alivyokuja. Nitalichambua swali hilo kwa kutumia njia moja, ile ya kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya hadi Tunduma, kisha Zambia mpaka Kasumbalesa na Kongo, kwa sababu matatizo yote ya kazi hii yanakutana humo. Msimamo wangu nautaja mapema. Umri katika udereva wa masafa marefu ni mtaji mkubwa, lakini kazi yenyewe imepangwa kana kwamba anayeifanya hazeeki, na hapo ndipo watu wazima wengi wanapoumia.

Kwanza, ni akina nani? Kundi kubwa ni la watu ambao tayari walikuwa wameshika usukani wa namna nyingine. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Dar es Salaam, daladala ziliondolewa kwenye njia ya Kimara kwenda mjini, na madereva waliokuwa wamezeeka na njia ile ikabidi watafute pa kwenda. Mwaka 2017 serikali iliwaondoa kazini watumishi walioajiriwa baada ya Mei 2004 wakiwa na elimu ya darasa la saba, na miongoni mwao walikuwemo madereva wa idara na halmashauri. Baadhi walirudishwa mwaka uliofuata, wengine walikuwa wameshapata maisha mengine. Wapo pia wastaafu wa majeshi na wa serikali, kwa kuwa utumishi wa umma unaruhusu mtu kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na unamtoa kwa lazima akiwa na 60, na mtu wa umri huo mara nyingi bado ana ada za kulipa.

Kundi la pili halijawahi kuendesha kitu kikubwa kuliko pikapu: mwalimu, fundi umeme, mfanyabiashara wa mazao aliyeanguka, mtunza stoo. Hawa ndio wanaochekwa zaidi, na kwa maoni yangu wanachekwa bila haki. Kundi la tatu ni dogo ila linabeba hatari kubwa kuliko yote. Ni la mstaafu anayenunua lori kwa kiinua mgongo na kuliendesha mwenyewe.

Tuanze na kile ambacho mwenye lori ananunua anapoajiri. Wengi wanadhani ananunua ufundi wa gia. Huo anao karibu kila mwombaji. Anachokitafuta usiku na mchana ni mtu wa kumwamini na mali ambayo hawezi kuiona kwa wiki mbili au tatu. Lori na tela lake ni mtaji wa familia nzima. Juu yake kuna kontena la mtu mwingine, au shaba ya kutoka Kongo ambayo wezi wanaijua bei yake vizuri. Tangi limejaa mamia ya lita za dizeli, na kando ya barabara kuna watu wanaoishi kwa kununua dizeli hiyo kwa madumu. Tajiri hulala akiwaza mambo mawili, ajali na wizi. Mtu mzima mwenye nyumba inayojulikana, mke anayejulikana na watoto wanaosoma shule inayojulikana anampunguzia wasiwasi wa lile la pili kwa kiasi ambacho kijana wa miaka ishirini na minne hawezi.

Uaminifu peke yake hautoshi bila umakini, na huu huonekana siku ya kukabidhiwa gari. Yadini, dereva anaandikiwa vifaa kwenye daftari: turubai, kamba na minyororo, jeki, spana ya magurudumu, tairi la akiba, pembetatu za kuakisi, kizimamoto. Anayejua kazi hasaini mpaka alizunguke gari. Anagonga kila tairi kwa kipande cha nondo na kusikiliza mlio, kwa sababu tairi lililopungua upepo lina mlio wake mzito. Anavuta mipira ya upepo inayounganisha kichwa na tela. Anainama kuangalia kama kuna mafuta yanayovuja kwenye ekseli. Mwisho anasoma namba ya lakiri kwenye mlango wa kontena, tarakimu baada ya tarakimu, na kuilinganisha na ile iliyoandikwa kwenye karatasi, maana zikitofautiana hata kwa tarakimu moja atalala mpakani akijieleza. Vijana wengi hukimbilia kuwasha injini. Mtunza stoo aliyehesabu mali kwa miaka kumi na mitano hakimbilii, na mwalimu aliyezoea kupanga mafaili hatapoteza bima ya COMESA, kadi ya homa ya manjano wala hati za forodha katikati ya safari. Ukubwa unaingia kazini na ujuzi wake, hata kama ujuzi huo haujaandikwa kwenye leseni.

Basi kwa nini mlango wa kwanza ni mgumu hivyo? Kwa sababu kazi hii kwa miaka mingi haikufundishwa darasani. Ilifundishwa kwa utingo. Kijana alianza kwa kuosha gari, kufunga turubai, kulala chini ya tela akilinda mzigo, kubadilisha tairi usiku wa mvua. Baada ya muda dereva alimruhusu kusogeza gari yadini, kisha kulipeleka gereji, kisha kulishika kwenye tambarare usiku dereva akipumzika, jambo ambalo halikuwa halali lakini ndilo lililozalisha madereva. Siku dereva akiugua, tingo alipewa safari moja kama deiwaka. Akirudi salama, jina lake limeshatoka.

Ngazi hiyo mtu wa miaka arobaini na mitano haiwezi. Mwili pengine ungeweza. Kinachomfungia ni heshima, yake na ya wenzake, kwa sababu dereva wa miaka thelathini anaona haya kumtuma mtu wa umri wa baba yake mdogo akalale chini ya tela. Kazi ya kutumwa inahitaji mtumwaji na mtumaji, na kwa mila zetu hawa wawili hawawezi kupishana umri kwa namna hiyo bila kila mmoja kuona taabu. Mzee wa watu anaamkiwa “shikamoo” asubuhi, mchana ataambiwaje akaze nati?

Njia ya chuo ipo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, kilichoanzishwa mwaka 1975, kinatoa mafunzo ya magari makubwa ya mizigo na ya abiria, na VETA nayo inafundisha udereva. Mtu mzima asome, na asome kwa bidii. Ila ajue kwamba gari la mafunzo halijabeba tani ishirini na nane za shaba, na uwanja wa chuo hauna Kitonga. Matajiri wanajua hivyo, ndiyo maana cheti hakiwatoshi.

Daraja kati ya chuo na masafa marefu lipo, ila watu wazima hulidharau. Ni malori ya karibu: tipa za mchanga na kokoto, malori ya saruji, magari ya kusambaza bidhaa mikoani, magari ya kutoa kontena bandarini kuzipeleka bandari kavu za jijini. Malipo ni madogo na hakuna atakayekupiga picha ukiwa Lubumbashi. Lakini humo ndimo mtu anapojifunza kurudi nyuma na tela, ambako usukani unakatwa kulia ili mkia wa tela uende kushoto, kinyume cha yote ambayo mikono yake imezoea kwa miaka ishirini ya gari dogo la saluni. Kijana asiye na mazoea hujifunza hili haraka. Mtu mzima ana mzigo wa kusahau kwanza, na kusahau kunataka miezi mingi ya mahali ambapo kosa linagharimu bampa tu. Mimi ningemshauri mtu yeyote aliyevuka arobaini atumie miaka miwili kamili huko kabla ya kufikiria Tunduma.

Niseme habari ya Kitonga, maana ndipo hoja ya mazoea inapopata uzito wake wote. Barabara ya Dar kwenda Zambia ilibeba mzigo wake mkubwa wa kwanza baada ya Novemba 1965, Rhodesia ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru na Zambia ikalazimika kuleta mafuta yake kutokea bandari ya Dar es Salaam. Wakati huo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo na malori mengi yaliishia makorongoni. Lami ilikuja, lakini milima ilibaki palepale. Kitonga, mkoani Iringa, ni mteremko wa kilomita kama nane wenye kona zilizokaza, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Anayetoka bandarini anaupanda, injini ikinguruma, na kosa lake kubwa linaweza kuwa kusimama katikati na kufunga njia. Anayerudi na shaba anaushuka.

Kushuka ndiko kunakoua. Lori zima na mzigo wake linaweza kufikia tani 56, ambacho ndicho kikomo cha juu kwenye sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016. Uzito huo ukianza kuteremka, breki za miguuni hazina uwezo wa kuushika kwa dakika nyingi mfululizo. Kila dereva anapokanyaga, ngoma za breki zinapata joto, na zikishachemka hazikamati tena, hata mguu ukizama mpaka chini. Hapo ndipo taarifa ya polisi husema gari “lilifeli breki”, wakati breki zilikuwa nzima pale juu kileleni. Dereva anayejua hupunguza gia kabla mteremko haujaanza, kwa kanuni ya wazee kwamba mlima unaushuka na gia uliyoupandia, anawasha ekzosi breki, anaiacha injini imshike, na mguu anaugusisha kwa vipindi tu. Asiyejua, au mwenye haraka, huweka gia huru ili gari liserereke na dizeli ibaki. Akitaka kurudisha gia katikati ya mteremko, haiingii. Inyala na Iwambi kule Mbeya kuna makaburi mengi yaliyotokana na dakika hizo mbili.

Mtu mzima ana faida hapa, kwa maana ya subira. Tatizo lake ni mguu. Miaka yote amezoea gari dogo ambalo ukikanyaga breki linatii, na hofu ikimshika mguu unakwenda kule kule ulikozoea. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema eti dereva wa saluni wa miaka ishirini ana nusu ya ujuzi. Ana utulivu wa barabarani, anajua alama na anajua tabia za watu, lakini mguu wake unatakiwa kufundishwa upya.

Sasa mwili. Sehemu hii ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa kuwa inasemwa kidogo kuliko zote.

Dereva wa lori anaruhusiwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa nje ya makazi. Kwa mwendo huo gari linapita mita 22 kila sekunde. Usingizi wa kuibia wa sekunde nne, ule ambao mwenyewe hata hajui kwamba umempitia, unalipeleka lori karibu mita tisini bila mtu. Miili ya binadamu wote hulegea saa nane usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na tena kidogo alasiri. Kijana huupinga usingizi kwa soda za kuongeza nguvu au kwa mirungi ambayo sheria imeipiga marufuku Tanzania, na asubuhi inamkuta akiwa hai. Mtu wa miaka hamsini akifanya hivyo anaupinga mwili ambao tayari una mapigano mengine. Kukoroma sana na kukatika pumzi usingizini, jambo linalowapata zaidi wanaume wanene waliovuka arobaini, humfanya mtu alale kwa saa saba nzima na aamke hajapumzika. Macho nayo hubadilika: mtu wa miaka sitini hupokea ndani ya jicho takriban theluthi tu ya mwanga anaopokea kijana wa ishirini, na akimulikwa na taa kali za gari linalokuja huchukua muda mrefu zaidi kurudi kuona. Barabara ya Makambako yenye ukungu haimsubiri.

Kuna dawa pia. Mwenye presha aliyepewa dawa ya kupunguza maji mwilini anajua itamsimamisha kila baada ya muda, kwa hiyo anaiacha siku za safari na kuimeza akirudi. Wiki mbili bila dawa, chakula ni chipsi na nyama, kiti kinatetemesha mgongo kutwa. Mwenye kisukari anayepitisha muda wa kula akiwa foleni ya mzani wa Vigwaza au Mikese yuko hatarini kuliko anavyodhani, na walio mbele yake barabarani wako hatarini pamoja naye.

Nchi nyingine zimelitazama hili kwa macho makavu. Uingereza, dereva wa lori akifika miaka 45 lazima apimwe na daktari kila baada ya miaka mitano ili leseni yake iendelee, na kuanzia 65 kila mwaka. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha saa tisa za kuendesha kwa siku za kawaida na mapumziko ya dakika 45 baada ya saa nne na nusu, na kifaa ndani ya gari kinaandika kila kitu. Marekani dereva hapiti saa 11 za usukani baada ya kupumzika saa 10, na tangu Desemba 2017 muda huo unarekodiwa kielektroniki. Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kazi kwa wiki na saa tisa kwa siku. Sheria hiyo ipo. Lakini dereva anayelipwa kwa safari, ambaye akifika mapema anapakia mapema, anajinyima usingizi mwenyewe bila hata kuamriwa. Kifaa cha kufuatilia gari kinachomwambia tajiri lori liko wapi kinaweza kabisa kumwambia pia limetembea saa ngapi bila kusimama. Kinatumika zaidi kulinda dizeli. Naona ni aibu, kwa sababu takwimu za kuokoa uhai zimeshakusanywa na zinapita mbele ya macho yetu.

Malipo yana sura mbili: mshahara wa mwezi, ambao mara nyingi ni mdogo, na posho ya safari ambayo madereva wengi huiita mileji. Mileji ndiyo inayojenga nyumba. Hutolewa kwa makadirio ya siku za kwenda na kurudi, na dereva hula, hulala na hutatua pancha ndogo humo humo, kinachobaki ni chake. Mpaka ukienda vizuri, anabaki na kitu. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilichofunguliwa Oktoba 2019 kilipunguza usumbufu wa kukaguliwa mara mbili, na dereva yeyote wa njia hiyo anakikumbuka kwa shukrani. Lakini mpaka ukifungwa, siku zinazoongezeka anazilipia nani? Mwaka 2020 wakati wa korona, malori yalijipanga kwa kilomita nyingi Namanga na Malaba madereva wakisubiri majibu ya vipimo, na Rwanda iliagiza magari yabadilishwe madereva pale Rusumo. Agosti 2024 Zambia ilifunga Kasumbalesa kwa siku kadhaa katika mgogoro wake wa kibiashara na Kongo. Septemba 2016 ilikuwa mbaya zaidi, waasi wa Mai Mai walipoteka malori eneo la Namoya mashariki mwa Kongo pamoja na madereva wake na kuyachoma moto baadhi, na madereva wakaokolewa baadaye. Ni mambo ambayo dereva mwenye mkataba ulioandikwa vizuri angejua nani anayabeba, na dereva asiye nao anayabeba mwenyewe.

Mkataba ndio ulikuwa moyo wa mgomo wa madereva wa Aprili na Mei 2015. Watu wengi wanaukumbuka kwa abiria waliokwama Ubungo na kwa hasira ya madereva dhidi ya agizo la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni. Nyuma ya hilo madereva walidai mikataba halisi, yenye mshahara unaoandikwa, michango ya hifadhi ya jamii na matibabu. Kwa kijana, kukosa mchango wa NSSF kwa miaka mitatu ni jambo la kurekebishika. Kwa aliyeingia akiwa na miaka 47 ni janga, kwa kuwa amebakiwa na miaka kumi na tatu tu ya kujikusanyia pensheni, na kila mwaka unaopita kwa makubaliano ya mdomo ni mwaka uliokwenda bure. Huyu hana anasa ya kusema mkataba utakuja baadaye. Na atakuwa anakatwa shoti ya dizeli kila safari kwa hesabu za mtu mwingine, kama hajaandikishiana mapema gari linakula lita ngapi likiwa na mzigo na likiwa tupu.

Wanaonunua lori lao wenyewe wanadhani wamekwepa yote haya. Kikotoo cha mafao kimekuwa kidonda: mkupuo wa awali ulishushwa hadi asilimia 33 mwaka 2022 na kupandishwa hadi 40 katika mwaka wa fedha 2024/25 kwa watumishi wengi wa umma. Fedha hizo, pamoja na mkopo, zinatosha kichwa kilichotumika Ulaya au kipya cha Kichina, na tela la mkono wa pili. Kisha hesabu inaanza. Kichwa cha ekseli tatu na tela la ekseli tatu vina tairi 22, na tairi hazisubiri malipo ya mzigo. Mwenye gari moja hapati mzigo moja kwa moja kutoka kwa mwenye bidhaa. Anaupata kwa dalali, baada ya wenye magari hamsini kuchagua, na malipo yanakuja wiki nyingi baada ya kushusha. Injini ikifa Mpika kule Zambia, hana gari la pili la kumletea chakula nyumbani wakati linatengenezwa. Nimewaona wastaafu wawili watatu waliofanikiwa, na wote walikuwa mafundi au madereva wa muda mrefu kabla ya kununua. Mhasibu anayejifunza udereva na umiliki wa lori kwa wakati mmoja, kwa fedha ambayo hawezi kuipata tena, namsihi asubiri.

Nyumbani. Mtu anayeingia ukubwani ana ndoa iliyozoea kumwona kila jioni, na ghafla anakuwa mgeni wa siku nne kwa mwezi. Madereva waliooa wakiwa tayari barabarani walipanga maisha yao hivyo tangu mwanzo, yeye anaivuruga nyumba iliyokwisha kupangwa. Njia yenyewe ina hatari zake: utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionyesha mkoa wa Njombe, ambamo Makambako imo, una kiwango cha juu kuliko yote nchini cha maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima. Shirika la North Star Alliance, lililoanzishwa mwaka 2006, limeweka zahanati za makontena kwenye vituo vya malori katika nchi kadhaa za Afrika, na huko dereva anapima pia presha na sukari. Ni huduma ambayo ningependa kuiona kwenye kila mzani.

Wapo Waswahili wanaoanza kazi hii mbali zaidi, Wakongo na Wakenya walio Marekani wanaoacha viwanda vya nyama na maghala ili waendeshe malori wakiwa na miaka arobaini na kitu. Kule mlango wa kwanza uko wazi kidogo, kampuni kubwa huchukua wanaotoka shuleni moja kwa moja. Lakini tangu tarehe 25 Juni 2025 dereva anayeshindwa kujieleza kwa Kiingereza mbele ya mkaguzi huzuiwa kuendelea na safari papo hapo, na aliyejifunza lugha hiyo ukubwani anajua mzigo huo unavyokaa.

Limebaki swali la reli. Mabehewa ya abiria ya SGR yalianza Dar hadi Dodoma mwaka 2024, mizigo ikafuata, na TAZARA imekabidhiwa kampuni ya Kichina kwa mkataba wa ukarabati wa mwaka 2025. Kenya imeshatuonyesha mfano: mwaka 2019 serikali ilipoamuru kontena zote za Mombasa zipande treni, miji ya barabarani kama Mariakani na Mtito Andei ililia njaa, wananchi wakaandamana, na Septemba 2022 Rais Ruto alirudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa. Reli itachukua sehemu ya safari ndefu, na sioni sababu ya kuilaani. Kila kontena linaloshuka kwenye treni linahitaji lori la kulifikisha dukani, kiwandani au ghalani. Bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani, iliyozinduliwa Julai 2025, iko chini ya kilomita mia moja kutoka jijini, na safari zake ni za saa chache. Malipo yake hayafiki ya Lubumbashi. Lakini dereva wa miaka hamsini na tano analala kwake, anameza dawa kwa saa zake, na mwajiri hana kisingizio cha kumlipa kwa safari badala ya mwezi, kwa kuwa hakuna geti la mpaka la kulisingizia. Nafasi hizo ndizo ningependa wenye malori wazitenge kwa watu wazima wanaoanza na kwa wakongwe wanaopunguza mwendo, na Kwala ingali changa kiasi kwamba utaratibu huo unaweza kuwekwa sasa, kabla mileji haijafika huko nayo.